Siku Bibi Alipochelewa Kunitukana

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Goti moja linauma, lakini hilo ni la mpira wa kikapu, si la kazini. Sikufanyiwa sherehe wala kupewa saa ya ukutani. Mwajiri wangu, yaani Bibi mzaa mama, aligeuka asubuhi moja akaniona namfuata chooni, akasema, "Keti, rudi. Huku najua njia." Kazi ikaisha hapo.

Kazi yenyewe ni urwaza. Kama hulijui neno hili, basi hujawahi kulazwa Kigali. Umurwaza ni ndugu anayekaa na mgonjwa hospitalini: anamlisha, anamwogesha, anakimbia famasi, anapokea simu za mashangazi wote, na analala kwenye kiti kilichobuniwa na mtu asiye na mgongo. Nyumbani kwetu tunaongea Kiswahili kwa sababu Bibi alirudi nacho kutoka Karagwe pamoja na masufuria yake, kwa hiyo tunasema mrwaza, wengi warwaza, na walimu wa sarufi watusamehe.

Ninaandika haya kwa ajili ya binamu yangu Bruno, ambaye ndiye mrithi wangu, na kwa vijana wengine ambao likizo ikifunguliwa tu familia nzima inawageukia na yale macho. Mshahara sitaugusia, kwa kuwa hata wao hawakuugusia. Vyeo navyo ni hivi: nilianza mrwaza, nimemaliza mrwaza.

Namna nilivyoajiriwa ni rahisi. Mama yuko kiwandani Masoro tangu asubuhi. Wajomba wote wawili walipatwa ghafla na safari. Babu ana karakana ya milango kule Agakiriro, Gisozi, na inasemekana hajui kuchemsha maji bila kuyaunguza. Nikabaki mimi, na katika ukoo wetu likizo ni ugonjwa unaotibiwa kwa kazi.

Bibi mwenyewe alikuwa anaumwa moyo. Kutoka barabarani hadi kwetu ni mlima, na yeye alikuwa amefikia mahali pa kuupanda kwa vituo kama basi. Akifika kwa fundi cherehani, anasimama. Kwenye nguzo ya umeme, anasimama. Mbele ya kibanda cha muuza parachichi, anasimama na kujifanya anachagua parachichi. Halafu siku moja alianguka palepale kati ya maparachichi, na uongo ukaisha. Hospitalini wakasema vali moja ya moyo, ile ya kutolea damu kwenda mwilini, imekakamaa na haifunguki vizuri. Kifua kupasuliwa kwa umri wake na mapafu yake hawakutaka. Wangemwekea vali mpya kwa kuipitisha ndani ya mshipa, kuanzia kwenye kinena.

Aliyetueleza ni Daktari Kamali, ambaye alikulia Kampala. Kiswahili alichookota huko kilikuwa cha amri tupu: kaa, lala, vuta pumzi, achia. Hata "pole" yake ilikuwa kama unakamatwa. Lakini siku ile alijitahidi.

"Huu mlango mpya tunakunja kama mwavuli," alisema. "Tunapitisha hapa juu ya paja. Unapanda, unafika, unafunguka ndani ya ule wa zamani."

Babu aliinuka kidogo kwenye kiti. Neno mlango lilikuwa limemwamsha. "Ule wa zamani hamuung'oi?"

"Hatung'oi."

"Fremu ndani ya fremu?"

"Ndiyo, mzee."

"Mimi nikifanya hivyo, mteja ananiitia polisi."

"Mteja wako, mzee, anatoka nje ya nyumba wewe ukifanya kazi. Huyu hatoki."

Babu aliinamisha kichwa. Sijawahi kuona mtu akimshinda kwa habari za milango, na nilitamani kupiga makofi. Daktari akaendelea na mambo yanayoweza kuharibika, hakuficha. Mshipa wa kinena unaweza kuvuja damu. Kipande kidogo kinaweza kuchomoka kikapanda kichwani, kikaleta kiharusi. Fremu inaweza isikae sawasawa, damu ikapita pembeni. Na jirani kabisa na ile vali zinapita nyaya za umeme wa moyo. Fremu mpya ikizibana, moyo unaweza kusahau kupiga.

"Hata ukutani hutokea," Babu alisema kwa sauti ndogo.

"Samahani," Bibi akaingilia kutoka kitandani, "mnaongea na mimi, au nimeshauzwa pamoja na mbao?"

Walimfanyia, na ilikwenda vizuri. Alikuwa nusu macho wakati wote, na mpaka leo anaapa kwamba alisikia madaktari wakibishana juu ya mpira huku moyo wake ukiwa wazi mbele yao. Nilimwambia moyo haukufunguliwa, waliuona kwenye skrini. Akasema ndiyo maana walipata nafasi ya kutazama mpira.

Kazi yangu ilianza waliporudi naye. Na hapa ndipo nilipompata mwalimu wangu, nesi Speciose. Alikulia Bujumbura, ana viganja kama vya mtu wa kukanda unga, na kwake herufi za *r* na *l* ni dada wanaoazimana nguo.

"Wewe murwaza, angaria hapa," aliniambia siku ya kwanza. "Huu mugulu hakunji. Akikunja unapiga kerere. Ukiona hapa kwa kinena imevimba kama andazi, unaniita. Haukuji kunitafuta. Unaniita."

"Na nikitaka kulala ubavu?" Bibi akauliza.

"Unarara mugongo tu, Mama."

"Ku-la-la, mwanangu. La, la."

"Ndiyo, Mama. Kurara."

Bibi alijaribu kumsahihisha kwa muda wote tuliokaa pale. Hakushinda.

Bruno, siku hiyo hiyo mchana nilijifunza kwamba mafunzo hayana utani. Nilifunua shuka nikakuta pale kwenye kinena pamevimba, pamekuwa pagumu, rangi ya zambarau. Sikumbuki nilifikiri nini. Nilichopiga ni ukelele mmoja: "Andazi! Speciose, andazi!" Mzee wa kitanda cha tatu akafufuka akauliza bei gani. Speciose alikuja mbio, akakandamiza pale kwa viganja vyote viwili, na hakuachia. Alikandamiza huku akitusimulia harusi ya jirani yake ambapo bwana harusi aliita jina la dada wa bibi harusi. Akasimulia mpaka keki, mpaka ugomvi wa kugombea viti. Alipofika kwenye baraka ya mchungaji akaondoa mikono, akachungulia. Damu ilikuwa imesimama.

"Si umeona?" alisema huku akinyoosha vidole. "Damu inapenda mutu hana haraka."

Kazi ya pili ilikuwa kuchunguza kiharusi. Kila mara manesi walimwambia Bibi atabasamu, ainue mikono yote miwili, halafu aseme sentensi moja nzima. Kutabasamu alikataa mpaka apewe sababu. Mikono aliinua kama mtu aliyevamiwa. Sentensi yake ilikuwa ile ile, asubuhi na jioni: "Mjukuu wangu Keti hana adabu." Speciose aliitikia kwa kichwa akasema maneno yote yametoka sawa.

Nifafanue jambo hapa, maana bila hilo hamtaelewa yaliyofuata. Mimi na Bibi tunapendana kwa kutukanana. Mimi namchokoza, yeye ananijibu, na jibu lake halikawii. Unaweza kuwa hujamaliza sentensi yako, lake limeshakugonga. Shuleni wenzangu wananiita mwepesi wa ulimi; hawajaonana na mwalimu.

Basi siku zikasogea. Bibi akatembea ukumbini, akaenda chooni mwenyewe, akalalamikia uji. Ule waya mdogo waliokuwa wamemwachia shingoni, wa kuusaidia moyo kama ungezubaa, ukatolewa. Hata mashine ya kuandika mapigo wakamvua, kwa kuwa ilikuwa imeandika mapigo mazuri tu. Ikawa ni kusubiri ruhusa ya kwenda nyumbani. Na Bibi alikuwa na haraka ya ruhusa hiyo kuliko mtu yeyote wodini, kwa sababu Jumamosi ilikuwa *gusaba* ya Solange, mama yangu mdogo, kitindamimba wake. Wazee wa upande wa mwanaume wangekuja kuomba mchumba, watupiane maneno, wazungumzie ng'ombe wa mahari, na mama wa binti anakaa mbele kabisa. Bibi alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu Solange avunjike moyo mara ya kwanza, na Solange alianza mapema.

Daktari akipita asubuhi ilikuwa hivi:

"Hujambo, Bibi?"

"Sijambo, daktari."

"Kizunguzungu?"

"Hakuna."

"Kuanguka?"

"Mimi si embe."

Daktari anacheka, anaandika, anakwenda. Speciose yeye hakucheka. Alinivuta ukumbini.

"Bibi yako iko salama kila siku?"

"Kila siku."

"Mimi sipendi mutu wa salama kila siku." Alijifuta mikono kwenye gauni. "Sikia, Keti. Ukimuuliza mutu mukubwa hujambo, anakujibu sijambo. Hajakujibu wewe. Amejibu vile mama yake alimufundisha akiwa mutoto. Hata akiwa anakufa atakujibu sijambo, halafu anakufa na heshima. Na hizi nyaya za moyo zinaweza kuchelewa, siku zinapita ndiyo zinasumbua. Wewe usimusalimie. Ugombane naye. Angaria kama anakatika."

Bruno, katika maisha yangu yote hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia nikagombane na bibi yangu kama dawa. Nilirudi wodini nimenyooka kama mtu aliyepewa sare.

Mchana huo Solange alikuja na Babu, na mfuko wenye mishanana miwili, yale mavazi ya sherehe yanayofungwa begani, Bibi achague wa kuvaa Jumamosi. Mmoja wa dhahabu, mmoja wa zambarau. Bibi, akiwa na kikombe cha chai mkononi, akaunyooshea kidole wa zambarau. Nikaona nafasi.

"Bibi, ukivaa huo utafanana na biringanya iliyopata viza."

"Na wewe," akasema, "utafanana na..."

Akanyamaza.

Hakuwa anafikiri. Ninamjua akifikiri, jicho moja linakuwa dogo. Safari hii macho yote mawili yalibaki wazi yakipita kando yangu, kama ya mtu anayesoma kibao cha mbali. Midomo ilififia. Kikombe kikainama, chai ikamwagikia shuka, taratibu, na yeye haikumshtua. Halafu rangi ikarudi, akapepesa macho, akamalizia:

"...kuku aliyenyonyolewa."

Babu na Solange wakaangua kicheko. Mimi sikucheka.

"Bibi, ulikwenda wapi?"

"Niende wapi? Niko hapa."

"Ulikatika."

"Nilikuwa nachagua tusi."

"Wewe huwa huchagui." Nikaisogeza ile chai. "Imeshatokea siku nyingine?"

 Alimtazama Solange aliyekuwa amejifunga ule mshanana wa dhahabu begani akijitazama kwenye kioo cha dirisha, kisha akaushika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikutegemea. "Keti," alisema kwa sauti ya chini, na hakuwa akitania, "usiniharibie Jumamosi."

Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi kwetu sote wawili. Nikinyamaza, atakwenda nyumbani kesho na moyo unaosahau, na atakaa mbele ya wageni mpaka usahau moja kwa moja. Nikisema, hatanisamehe. Nilivuta pumzi. Sikwenda kumtafuta mtu. Niliita.

Speciose alikuja, akaweka vidole kwenye mkono wa Bibi, akasikiliza. Hakumsalimia. Alisema tu, "Mama, ni mara nyingi?"

Bibi aliniangalia kwa namna ambayo sitaisahau. Kisha akashusha pumzi na kusema, "Leo nina jambo."

Walikuwa bado wanambandika nyaya za kipimo kifuani ilipotokea tena. Niliona kwenye karatasi inayotoka mashineni: milima, milima, halafu tambarare. Tambarare ikaendelea. Mtu akabonyeza kengele, kitanda kikalazwa, vibandiko vikubwa vikapigwa kifuani na mgongoni, na Daktari Kamali akaingia anakimbia. Nitamtetea hapa: siku ile Kiswahili chake cha amri ndicho kilichohitajika. "Leta! Shika! Washa! Toka!" Hilo la mwisho lilikuwa langu.

Ukumbini tulibaki watatu. Solange alikuwa bado na mshanana begani, analia ndani yake. Babu alikuwa anaupima mlango wa wodi kwa shubiri zake, akifika mwisho anaanza upya.

"Babu, fremu imebana nyaya."

"Najua."

"Sasa?"

"Waya ukibanwa, unavuta mwingine. Nimefanya hivyo mara nyingi."

"Kwenye moyo?"

"Kwenye sebule." Akaanza tena kupima. "Lakini taa iliwaka."

Daktari alipotoka jasho lilikuwa limemlowesha. Alisema wamerudisha waya wa muda na sasa huo ndio unaopiga kwa niaba ya moyo. Haupaswi kukaa hivyo. Bibi anahitaji betri ya moyo, kikopo kidogo chini ya ngozi karibu na bega la kushoto, na akatuhakikishia kwamba vali yenyewe inafanya kazi vizuri sana. Tatizo moja: mgonjwa amekataa.

Tukaingia. Alikuwa amelala, mwembamba kuliko asubuhi, lakini sauti ilikuwa yake.

"Nimewaambia Jumatatu," alisema. "Jumamosi nina wageni. Jumatatu waje na betri yao."

"Hapana, Bibi," alisema daktari. "Leo."

"Mlango nimekubali. Sasa mnataka kufunga na jenereta. Mwisho mtaniwekea na geti na mlinzi."

Hakuna aliyecheka, naye aliona. Ndipo Solange alipotoa simu. Alimpigia mchumba wake mbele yetu sote, akaweka sauti ya nje. "Mama anawekewa betri ya moyo. Jumamosi haipo. Waambie wazee wako wasubiri." Upande wa pili kulikuwa na kimya, na nilimwona Bibi anakisikiliza kimya kile kwa makini kuliko alivyowahi kumsikiliza daktari yeyote. Kisha sauti ya kijana ikasema, "Tutasubiri hata mwaka. Mama ndiye tunayemwomba, sasa tuje kumwomba nani?"

Bibi akamgeukia Solange.

"Angalau huyu ana akili," akasema, na akaomba kalamu ya kutia sahihi.

Mimi hakunisemesha. Alipelekwa bila kunitazama, akarudi na plasta chini ya bega, akala, akalala, akaamka, na kwangu hakutoka hata neno. Wenzangu wa baadaye, mtaambiwa kwamba sehemu ngumu ya kazi hii ni kubeba beseni. Beseni ni kitu chepesi. Kinacholemea ni mgonjwa aliye hai kwa sababu ya kelele zako na amekununia. Nilimpa chai, akaipokea. Nilimwambia biringanya imeahirishwa, hakujibu. Nikasema basi, nitamwita Bruno aje mapema, labda yeye atamfaa zaidi.

"Bruno?" Bibi alifumbua jicho. "Yule anayekula kama anafukuzwa? Bora nibaki na wewe, kichwa kama kopo la kupimia mchele."

Lilitoka lote kwa pumzi moja, bila pengo. Nilikwenda ukumbini nikalia, na Speciose alinipa kitambaa bila kuniuliza habari.

Yaliyobaki ni ya kawaida, na nayaandika kwa sababu Bruno hasikilizi mtu akiongea. Kipimo cha mwisho kilionyesha damu kidogo inapita pembeni ya fremu. Babu aliuliza kama haiwezekani kuziba kwa gundi. Daktari alisema ni kidogo sana, watakuwa wanaiangalia, na aweke gundi yake mfukoni. Dawa za kuzuia damu kuganda hazirukwi hata siku moja, na akijikata anaminya bila haraka. Daktari wa meno aambiwe habari za vali kabla hajagusa kitu, kwa sababu wadudu wa kinywani husafiri kwa damu na hupenda vali mpya. Kwa hiyo meno ya Bibi yaliyobaki yanalindwa kama mabalozi wa Kiyovu. Homa isiyo na sababu si malaria ya kubahatisha, ni hospitali. Na usimuulize kama hajambo. Mchokoze, halafu uhesabu moyoni.

Gusaba ilifanyika. Wazee wa upande ule walikuja na maneno yao yote, Bibi alikaa mbele na zambarau yake, na msemaji wao alipojisahau akaanza kumsifu kwamba anaonekana kijana, akamkatiza kwamba sifa hizo azihifadhi, ng'ombe ndio waliomleta.

Siku moja kabla ya shule kufunguliwa tulitoka kliniki, mimi na yeye. Tukashuka kwenye basi chini ya mlima. Mimi nilikuwa na begi jipya la shule lililojaa madaftari, maana tulipitia dukani, na jua lilikuwa kali. Tulipanda. Tukapita kwa fundi cherehani tukiongea. Tukapita nguzo. Mbele kidogo ya nguzo nilikuwa nimeangalia chini, natafuta pa kukanyaga, nilipoinua macho nikamwona amesimama.

Amesimama kabisa, kanipa mgongo, mkono mmoja kiunoni.

Moyo wangu ndio uliosahau kupiga. Nilimkimbilia, simu tayari mkononi, namba ya Speciose tayari kidoleni. "Bibi! Nini? Unasikiaje? Niambie mimi ni nani! Bibi, nitukane!"

Aligeuka. Alikuwa mkavu, anapumua kwa pua.

"Nakungoja wewe," alisema. "Unahema mpaka aibu. Watu watadhani nakutesa."

Akanyoosha mkono alichukue begi. Nikaruka nyuma, nikamkumbusha upande wa betri, kwamba bado hajaruhusiwa kubeba kitu kwa mkono wa kushoto.

"Huu ni wa kulia," akasema, akalichukua, akatangulia.